Kwaya Zimewanyamazisha Waumini

Katika parokia nyingi za Kikatoliki nchini Tanzania siku hizi waumini hawaimbi. Wanaimbiwa. Pembeni mwa altare husimama kundi la watu thelathini au arobaini waliovaa sare, wenye vipaza sauti na kinanda cha umeme, wakiongozwa na mwalimu ambaye aghalabu amewapa waumini mgongo. Kundi hilo huimba mwanzo, likaimba Utukufu, likaimba matoleo, Mtakatifu, Komunyo na shukrani. Mbele yake wamekaa watu mia tano, pengine elfu moja, wenye vinywa, mapafu na masikio timamu, nao wanasikiliza. Wachache hufuatisha kwa midomo. Wazee hutazama chini. Watoto hutazama kinanda.

Nakusudia katika insha hii kudai kwamba hali hii ni hasara, tena hasara isiyowahusu Wakatoliki peke yao. Mwalimu au mwanafunzi asiye Mkatoliki asidhani kwamba kurasa hizi ni za ugomvi wa nyumba ya jirani. Kanisa la parokia, kama ulivyo mkutano wowote wa watu wanaokutana kila juma kwa hiari yao, ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo Watanzania wa rika zote, wa makabila mbalimbali, mkulima na daktari, bibi na mjukuu, hukaa chini ya paa moja kwa shughuli ambayo kuimba ni sehemu yake halisi. Watu wakiacha kuimba hapo, wataimba wapi? Shambani siku hizi ni redio. Jandoni na unyagoni ni siri, tena penyewe panafifia. Harusini pana mtu wa kupiga muziki wa mashine, na wageni hucheza kwa amri yake.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Kizungu ilhali gombe sugu, mangala na lele mama hawakuzijua. Hotuba hiyo hutajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa kwa kupotoshwa. Watu wameichukua kana kwamba ni orodha ya ngoma za kuwekwa kabatini. Lakini swali lake halikuwa taifa lina ngoma ngapi. Aliuliza ni wangapi miongoni mwetu tunaoweza kuzicheza. Hilo ni swali la viungo vya mwili na koo za watu, wala si swali la mali iliyohifadhiwa. Nami nauliza swali hilohilo juu ya wimbo wa kanisani: ni wangapi kati ya wale waliomo ndani wanaoweza kuuimba?

Hebu tutazame tulikotoka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mapadre Weupe waliingia bara miaka kumi baadaye, nao Wabenedikto wakafika Pugu mwaka 1888 na kuanzisha Peramiho mwaka 1898. Wote walileta misa ya Kilatini. Padre alisali Kilatini, na pale palipokuwa na waimbaji waliofundishwa waliimba Kilatini, na umati wa watu ukasali rozari au kukaa kimya. Lakini huo haukuwa muziki wote wa misioni. Katika ibada za jioni, katika maandamano, katika mafundisho ya wakatekumeni na hata katika misa za kawaida zisizokuwa na shamrashamra, watu waliimba nyimbo za Kiswahili na za lugha za kikabila zilizotiwa katika tuni za Kijerumani na za Kifaransa. Wamisionari Wajerumani walikuwa wametoka kwenye nchi ambamo muumini wa kawaida huimba kwa sauti kanisani, wakaona ni jambo la kawaida kuwataka Wangoni na Wamatengo wafanye vivyo hivyo. Vitabu vya nyimbo vilichapwa Peramiho na Ndanda, vikachakaa mikononi mwa watu.

Tuni hizo zilikuwa na kasoro, na sina nia ya kuzifichia. Msemaji wa Kiswahili huweka mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Ndiyo kawaida ya lugha yetu, na mwenye kuivunja hueleweka vingine: neno barabara likitiwa mkazo mahali pake pa kawaida ni njia ya magari, na mkazo ukirudi nyuma silabi moja maana yake ni sawasawa. Basi tuni nyingi za Ulaya humaliza mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho, kwa sababu maneno mengi ya huko hukubali kumalizika hivyo. Ukimtia humo Bwana au Mungu au mbinguni, pigo hulala juu ya na, juu ya ngu, juu ya ni. Wazee wetu waliimba hivyo miaka mingi, neno likivutwa kwa kamba kama mbuzi asiyetaka kuvuka mto. Kwa lugha kama Kisukuma na Kihaya, ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, madhara yalikuwa makubwa zaidi, maana tuni isiyofuata sauti ya neno humpa msikilizaji neno jingine kabisa au kumwacha akikisia.

Waliolitambua kosa hilo walikuwa watu wetu wenyewe. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akazipitia nyaraka za Roma moja moja na kuonyesha jinsi zinavyohusiana na muziki wa Kiafrika. Ndiye pia aliyetunga Misa Baba Yetu. Nchini Uganda Joseph Kyagambiddwa alitunga kwa muziki wa Kiganda kazi kubwa juu ya mashahidi wa Uganda, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa kuwa watakatifu. Huko Kamina, nchini Kongo, padre Guido Haazen na vijana wake walikwisha kuonyesha mwaka 1958, katika Missa Luba, kwamba maneno ya Kilatini yaweza kubebwa na nyimbo za Kikongo na ulimwengu ukasimama kusikiliza.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya liturujia. Hati hiyo ilisema kwamba katika nchi za misioni muziki wa watu wenyewe upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Maneno haya hupendwa sana na wanakwaya wetu, na wanayo haki ya kuyapenda. Lakini hati hiyohiyo, katika sura hiyohiyo, iliwaagiza maaskofu na wachungaji wahakikishe kwamba mkutano mzima wa waumini unashiriki katika wimbo unaouhusu. Na Maelekezo ya Roma juu ya muziki mtakatifu, ya tarehe 5 Machi 1967, yakataja waziwazi desturi ya kuiachia kwaya nyimbo zote za misa na kuwatenga watu kabisa, yakasema desturi hiyo haifai. Maneno haya ya pili hayajapendwa kama yale ya kwanza. Kusema kweli sijapata kuyasikia yakisomwa katika semina yoyote ya kwaya.

Sasa tazama kilichotokea. Mlango ulipofunguliwa, watunzi wetu waliingia kwa wingi: walimu wa shule, makatekista, waseminari, mafundi wa mijini waliojifunza kwa jirani. Waliijua do-re-mi ya herufi, ile njia aliyoieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 ili watu wasiojua noti za mistari waweze kuimba. Kwa njia hiyo walitunga nyimbo nyingi mno, nyimbo za Kiswahili safi, zenye mkazo mahali pake, zenye mwendo wa ngoma tunazozijua. Sifa hiyo hawawezi kunyang'anywa. Lakini waliziandika zote kwa sauti nne. Walichukua neno la mwenyeji, wakachukua mdundo wa mwenyeji, wakavitia vyote katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kwaya ya mafunzo ya Ulaya, na nyumba hiyo haina mlango wa mtu wa benchini.

Ndipo penye ajabu ambayo wazalendo wa muziki hawapendi kuisikia. Tuni ya Kijerumani, ngeni na yenye mkazo uliopinda, iliimbwa na kanisa zima. Wimbo wa kisasa, uliotungwa Dodoma au Songea na Mtanzania halisi, huimbwa na watu arobaini. Waulize wazee waliosoma katika shule za misioni: watakuimbia beti nne za wimbo wa zamani bila kitabu. Waulize vijana wa leo wasiokuwa wanakwaya wakuimbie wimbo wa matoleo wa Jumapili iliyopita. Watakumbuka rangi ya sare.

Mtu ataniuliza kwa nini sauti nne zimzuie muumini kuimba, wakati anaweza kufuata sauti ya kwanza. Jibu lipo katika nyimbo zenyewe. Sauti ya kwanza huandikiwa wanawake waliozoeshwa, nayo hupanda mahali ambapo mama aliyebeba mtoto hafiki, na mwanamume akijaribu kuifuata chini yake hujikuta akinguruma. Kisha sauti huachana: ya kwanza inaanza neno, ya pili inalidaka, besi inarudia nusu yake mara tatu, na katikati ya kukimbizana huko neno lenyewe halisikiki wala haijulikani ni wapi mtu wa nje aingilie. Juu ya hayo kila Dominika huja na wimbo mpya. Wimbo uliofanyiwa mazoezi ya wiki tatu usiku huimbwa mara mbili, ukawekwa. Hapana mkutano wa wanadamu wenye shughuli zao unaoweza kujifunza nyimbo sita ngeni kwa kuzisikia mara moja.

Kuna na fedha. Zamani kwaya zilirekodi kanda za kaseti, baadaye visahani, na sasa picha za video zinazoangaliwa katika simu. Siwalaumu kwa kutaka sauti zao zihifadhiwe. Lakini wimbo unaotungwa ili uuzwe hutungwa kwa sikio la mnunuzi, nao wimbo unaotungwa ili uimbwe na watu hutungwa kwa koo la mwimbaji, na hizo ni kazi mbili. Mnunuzi anataka kushangazwa. Mwimbaji wa benchini anataka kujua kinachofuata. Tangu kwaya zianze kujipima kwa video zao, Dominika imekuwa zoezi la kurekodi, na waumini wamekuwa wasikilizaji wa majaribio, tena wasikilizaji wanaochangia sare, safari na kinanda kipya.

Nilipata kusali kwa muda katika parokia moja ya mjini ambayo haina haja ya kutajwa. Siku moja umeme ulikatika wakati wa Komunyo. Kinanda kikanyamaza, vipaza sauti vikanyamaza, na kwaya ikapoteza sauti yake ya kuanzia, ikaishia njiani. Palipita kimya cha nukta chache. Kisha upande wa wanawake mama mmoja akaanzisha wimbo wa zamani wa Ekaristi, na kabla hajamaliza mstari wa pili kanisa lote lilikuwa limeuchukua, wanaume chini, wanawake juu, bila mtu kuwagawia sauti. Uliimbwa beti zote. Umeme uliporudi mwalimu wa kwaya akaashiria, kinanda kikalia juu ya watu waliokuwa bado wanaimba, na ule wimbo wa sauti nne ukaanzwa upya tangu mwanzo. Watu wakanyamaza, wakakaa. Baada ya misa niliwasikia wanakwaya wawili wakilalamika kwamba wazee wamewavurugia kazi.

Wapo wanaosema kwamba waumini hawajui kuimba, na kwa hiyo kwaya inawasaidia. Dai hili hukanushwa kila juma. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1973 na 1976 kuzifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Jumuiya hizo hukutana nyumbani kwa watu, nyumba kumi au kumi na tano, chini ya mwembe au sebuleni. Hakuna kinanda. Hakuna sare. Mtu yeyote huanzisha wimbo, wengine hudaka, mtoto hupiga makofi, na wimbo huenda. Watu haohao, siku chache baadaye, huingia kanisani na kuwa mabubu. Ikiwa hawajui kuimba Jumapili, nani aliyewafundisha siku zile nyingine?

Mfano mwingine tunao sote, Mkatoliki na asiyekuwa Mkatoliki. Wimbo wetu wa Taifa asili yake ni sala. Tuni yake aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule nchini Afrika Kusini, mwaka 1897, naye alikuwa mtu wa kwaya. Wimbo huo unaweza kuimbwa kwa sauti nne, na ukiimbwa hivyo hupendeza sana. Lakini hapana mwalimu mkuu wa shule atakayewaamuru wanafunzi mia sita wanyamaze mstarini ili kumi na wawili wauimbe vizuri zaidi kwa niaba yao. Tungesema amepungukiwa na akili. Tungesema kwamba kuuimba ndiko kunakoufanya uwe wimbo wa taifa. Basi kwa nini jambo linaloonekana wazimu kwenye mlingoti wa bendera lionekane ni ustadi mbele ya altare?

Hoja ya uzuri nzito kidogo. Husemwa kwamba Mungu anastahili kilicho bora, na kwaya iliyofundishwa ni bora kuliko umati usiofundishwa. Sina ugomvi na uzuri. Nimesikia kwaya za mikoani zikiimba usiku wa Pasaka hata mtu akasahau uchovu wa kukesha, na nisingependa ziondoke. Ubora, hata hivyo, hupimwa kwa kazi ya kitu chenyewe. Jembe zuri ni lile linalolima. Wimbo wa Mtakatifu, kwa maneno yake yenyewe ndani ya misa, padre huualika mkutano wote uuimbe pamoja na malaika. Kwaya ikiuimba peke yake kwa ustadi wa pekee, mwaliko umetolewa kwa watu elfu moja na umeitikiwa na arobaini. Huo ni wimbo mbaya wa Mtakatifu, hata kama ni muziki mzuri. Matoleo ni jambo jingine, na baada ya Komunyo kadhalika. Hapo kwaya ina nafasi ya kuimba peke yake watu wakiwa katika tafakari, wala hakuna atakayenung'unika.

Huja pia hoja ya vijana. Huambiwa kwamba kwaya huwakusanya vijana, huwaepusha na vilabu vya pombe, huwapa nidhamu na marafiki. Ni kweli tupu. Walimu wanaosoma insha hii wanaifahamu kazi ya kwaya za shule kuliko mimi. Ila hoja hiyo ingefaa vilevile kwa mpira wa miguu, na hakuna anayependekeza kwamba kwa kuwa mpira huwafaa vijana, basi uchezwe wakati wa misa na wazee watazame.

Sasa nina neno na wenzangu wa upande wa utamaduni, maana nao wamelipoteza jambo hili kwa njia nyingine. Wao hufikiri kwamba dawa ni ngoma. Askofu akija kutoa kipaimara, huletwa ngoma tatu, kayamba, vijana wamefungwa manyoya kichwani, wasichana wanatembea kwa mikogo na kapu la matoleo. Kanisa likapiga vigelegele na watu wakasema tumekuwa Waafrika. Jumapili inayofuata ngoma hurudi stoo. Hata kama zingebaki, ngoma hazingetosha. Uafrika wa wimbo haumo katika ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya mti. Umo katika namna wimbo ulivyogawanywa kati ya watu: manju hutoa, waliopo huitikia. Kiitikio ni kifupi ili kila aliyepo akimudu, na shairi la manju ni refu na lenye kubadilika ili msemaji hodari apate pa kuonyesha hodari yake. Hivyo ndivyo wimbo wa kulima ulivyo, na wimbo wa kutwanga, na wimbo wa kilio. Aliyefika na amesimama kimya huulizwa ana nini.

Msomaji wa Usukuma atanipinga. Atasema kwamba bagika na bagalu hucheza mbele ya watazamaji, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi upande wake. Nakubali. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement wa Kanada aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano hayo ya ngoma, ile Bulabo ambayo hufanyika hadi leo, na hapana aliyedhurika. Lakini angalia kwamba mashindano yalifanywa uwanjani, na misa ikasaliwa kanisani. Wasukuma hawakuchanganya mambo hayo mawili. Wimbo wa kushindana una watazamaji. Wimbo wa kulima shamba la jirani hauna watazamaji, una wavivu tu. Parokia zetu zimechukua desturi ya uwanjani zikaiingiza ndani, hata zina mashindano ya kwaya katika dekania, halafu wimbo ulioshinda ukaletwa kwenye misa kama kombe.

Kwa hiyo mtunzi wa Kiafrika anayeandika sauti nne tangu mwanzo hadi mwisho, hata akiweka ngoma ishirini nyuma yake, amejenga ukumbi wa Kizungu wenye mapambo ya Kiafrika. Na mtunzi anayeandika kiitikio cha mstari mmoja, ambacho mtoto wa darasa la pili hukishika mara ya pili, huyo amejenga kwa ramani yetu hata akitumia kinanda. Ndugu zetu wa Kongo wamelielewa hili. Utaratibu wao wa misa uliokubaliwa na Roma mwaka 1988 umejaa maitikio: wafu na watakatifu huitwa na watu hujibu, Utukufu huimbwa watu wakiyumba mahali waliposimama. Kwaya zao ni kubwa na ni hodari, lakini zimefungwa na utaratibu wenyewe kuongoza watu.

Tena hatuna upungufu wa mali ya kufanyia kazi. Mathias Mnyampala, Mgogo na malenga wa taifa, alitunga katika miaka ya 1960 tenzi za Enjili na za Zaburi. Mwalimu Nyerere, uzeeni mwake, alizitia Enjili katika tenzi zilizochapwa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Utenzi ni bahari iliyotengenezwa kwa kuimbwa: mizani minane, vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachofunga beti zote kwa uzi mmoja. Mtu mmoja akighani mishororo mitatu, watu mia tano wanaweza kumpokea katika wa nne, kwa sababu kina chake wanakijua kabla hakijafika. Tunayo zaburi kwa Kiswahili, kwa mizani, kwa mkazo usiovunjika, iliyotungwa na mtu wa Dodoma. Na wimbo wa katikati katika parokia zetu ungali unaimbwa na mtu mmoja kwenye kipaza sauti na kuitikiwa na kwaya.

Ningetaka mwalimu wa kwaya ageuke. Hilo ndilo la kwanza, nalo halina gharama: awatazame waumini, na kwaya imtazame kwa pembeni. Ningetaka wanakwaya wakae nusu yao mabenchini katikati ya watu, ili kila safu iwe na mtu anayeujua wimbo. Haya yakifanyika kwa miezi mitatu, yule mzee anayetazama chini ataanza kufungua kinywa, kwa kuwa hataki kuonekana peke yake amenyamaza. Ningetaka dakika kumi kabla ya misa zitumike kuwafundisha watu kiitikio, na kiitikio hicho kisibadilishwe kabla ya kipindi kizima kupita. Nyimbo nne zinazojulikana na watu wote zinatosha kwa Majilio. Kwaya itachoka nazo mapema. Na ichoke. Sauti nne zibaki, ziimbwe juu ya wimbo ambao tayari uko vinywani mwa watu, kama alivyofanya yule mama upande wa wanawake pasipo kufundishwa, wala zisiimbwe badala yake.

Walimu wa sekondari wana sehemu yao. Wengi wa watunzi wa kesho wapo katika madarasa yao leo, wakiandika do-re-mi nyuma ya madaftari ya hesabu na kutumiana nyimbo kwa simu. Wafundishwe kwanza kusikiliza neno: mwanafunzi aseme mstari wake kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita mdogo wake ng'ambo ya uwanja, aone mkazo unaanguka wapi na sauti inapanda wapi, ndipo aandike noti. Kisha asiupeleke wimbo wake kwa kwaya. Aupeleke mstarini asubuhi, mbele ya wanafunzi mia sita wasio na karatasi, auimbe kiitikio mara tatu peke yake, na mara ya nne anyamaze. Wakiuimba, kwaya ipewe iutilie sauti. Wasipouimba, daftari analo na kalamu anayo.